Yule Tuliyemzika Kwenye Filamu

Kwa dada yangu Awinja, mwalimu mkuu mstaafu, mla pensheni wa Kitale,

Pokea salamu zangu kabla hazijapoa. U hali gani, na yale magoti yako yanaendeleaje? Mimi ni mzima isipokuwa meno. Yamebaki matatu na hayasemezani. Mvua imenyesha, miwa imekomaa, na yule mbuzi uliyeniachia nimtunze nimemtunza tumboni. Tusigombane. Halafu barua hii usinirudishie ikiwa na kalamu nyekundu kama ile ya mwaka jana. Niliishia darasa la tano, lakini nilitoka kwa miguu yangu mwenyewe.

Dada, nimepata ujumbe wako kwamba Desemba ukoo wote ukutane hapa nyumbani Butere tumzike kaka yetu Philip. Unasema miaka arobaini na miwili ya kungoja inatosha, na mwanawe anaota mvi bila kujua kama ana baba au hana. Unataka tufanye kama wazee wetu: mtu akipotelea mbali na mwili usionekane, unakatwa mgomba, unavishwa nguo yake, unatajwa kwa jina lake, unazikwa, na machozi yanaisha. Nasikia hata nyimbo umeshachagua. Nakuomba ungoje kwanza, kuna mambo yametokea.

Mwezi uliopita alikuja hapa msichana mmoja anaitwa Chepkirui, mpole, miwani mikubwa kama ya bundi. Kazi yake ni kutafuta filamu za zamani na kuzitia kwenye kompyuta zisioze. Aliuliza kama hapa ndipo palikuwa na studio ya Osundwa na Wanawe. Nikamwambia studio ndiyo hiyo anayoiona, kuku wanalala ndani.

Alitaka historia, nikampa. Nilimweleza jinsi baba yetu alivyonunua kamera kwa padri mmoja aliyekuwa akirudi kwao, akaacha kazi ya reli, watu wakasema amerogwa. Mama ndiye aliyelia katika kila filamu, Philip ndiye shujaa, mimi mbeba mizigo na mchanganya damu. Wewe ulikuwa mzimu, maana ulikuwa umekonda hata unga haukuhitajika. Nilimwambia filamu zetu hazikuwa na sauti, na kwamba baba alikuwa akisimamanga kando ya shuka ya kuonyeshea filamu sokoni, akitusemea wote, hata wanawake. Msichana akacheka mpaka akafuta miwani.

Kisha akauliza studio ilikufaje. Hapo nikampa kile kifurushi.

Unakikumbuka. Philip alipanda garimoshi hapa Butere na mikanda ya filamu yetu ya mwisho, aipeleke Nairobi ikasafishwe. Baada ya wiki tatu kifurushi kilirudi stesheni, anwani imeandikwa kwa mkono wake, naye hakurudi. Baba hakukifungua. Hakushika kamera tena. Mama alikiweka chini ya kitanda mpaka akafa, nami nikakirithi pamoja na kile kitanda.

Chepkirui alikifungua mchana, saa nane, jua likiwaka. Kesho yake, akiwa ameshaitia filamu kwenye kompyuta yake, tukaitazama. Nilimwona mama akiwa na nguvu zake. Nilijiona mimi, nimevaa kanzu ya kasisi, maana kasisi wetu wa kuigiza alikuwa amelewa siku ile. Ni ile sehemu ya mazishi, dada. Unakumbuka nilitakiwa kutaja jina la mtu wa hadithi, nami kwa utundu nikataja jina la Philip lote, la ubatizo na la ukoo, ili nimchekeshe. Mama akapiga mayowe ya kweli, baba akafurahi na kuendelea kuzungusha kamera. Jioni mama alinichapa kofi ambalo sikio hili bado linalihifadhi.

Philip mwenyewe, kwa kuwa ndiye marehemu, aliambiwa akae mbali na kamera. Lakini yumo. Amesimama karibu na kaburi, anacheka. Msichana akaniuliza kwa nini mtu yule yuko kifua wazi matangani. Nilisema naenda kuwafungia kuku, na kuku walikuwa nje wakila.

Tukaitazama mara ya pili. Mama ni yule yule, mimi ni yule yule. Philip hayuko karibu na kaburi. Yuko kule penye ghala, na hacheki. Nikadhani ni macho yangu. Chepkirui akasema pengine ni ukungu wa kwenye mkanda, lakini mkono wake ulikuwa umeshaondoka kwenye kompyuta. Mara ya tatu Philip alikuwa langoni. Lango letu lile la miti, lililo wazi, mbuzi wanapita. Yeye amesimama upande wa nje, ameweka mkono hewani kama mtu aliyezuiwa na ukuta, anatutazama. Anatutazama sisi, dada, si watu wa mazishi. Msichana aliniachia filamu kwenye flashi, akakataa chai, akaenda zake.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu, hata kasisi wa kweli.

Watu wa soko walikuwa wametucheka filamu ya nyuma, kwamba tunabeba jeneza kama tunabeba manyoya. Baba akaniagiza nilijaze mawe. Mawe ni mazito, na mimi unanijua. Nikakata mgomba nyuma ya jikoni. Halafu, kwa kuwa shetani hapendi kazi nusu, nikauvisha shati la Philip la buluu alilokuwa ameanika. Nikapigilia misumari. Nilitaka baadaye nilifungue mbele ya watu wote tucheke. Lakini mama alipolia vile, niliogopa. Baba aliponiambia nilifukue sanduku tulitumie tena, nilidanganya kwamba limeliwa na mchwa. Likabaki pale pale uani tulipolizika. Mama alikaa juu yake akichambua maharagwe miaka kumi na minane, akiuliza mbona Philip haandiki.

Mgomba, nguo, jina. Nilimzika kaka yetu, Awinja, naye amesimama hapo akitafuta shati lake. Utamzika mara ngapi?

Jumatatu nilichimba. Nilichimba peke yangu, nikipumzika kila baada ya koleo tano. Sanduku limekuwa udongo, mgomba umekuwa udongo. Shati ni zima. Vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni, na mimi siku ile sikufunga hata kimoja. Nimelifua, nimelianika.

Nikakumbuka bibi alivyosemanga, kwamba aliyezikiwa mgomba akirejea hawezi kupita langoni, kwa sababu lango linamjua kama maiti. Hubomolewa ua upande wa nyuma, akapita hapo, kondoo akachinjwa. Basi Jumanne nilitwaa panga nikakata ua nyuma ya jikoni, nafasi ya kumtosha mzee wa miaka sabini. Nikarudi ndani, nikatia flashi kwenye televisheni.

Mama yumo. Mimi nimo na ile kanzu. Langoni hakuna mtu. Nimeirudia mara saba.

Kwa hiyo nakuomba uahirishe Desemba. Njoo mapema, uje na kondoo, maana mimi ukinipa kondoo nitunze unajua yatakayompata. Usimwambie mwanawe bado. Na usiniletee daktari wa vichwa. Nimekuwa mjinga miaka sitini na minane na sijalazwa.

Nisalimie shemeji na mwambie deni la kunitembelea bado analo. Nisalimie wajukuu wote, hasa yule anayeniiga kutembea. Mungu akulinde barabarani.

Ukifika, pitia jikoni. Ukinikuta nakula ugali wetu wa obusuma na mtu, usipige mayowe kama mama. Msalimie kwanza, umsikie kama ataitikia. Mimi bado hajaniitikia.

Ni mimi kaka yako mwenye makosa,
Ambetsa Osundwa