Vidonge Nilivyokupa kwa Mkono Wangu

Dada Rehema,

Nyumba yako ya Adelphi wamehamia watu wengine. Mwanao Neema anaishi nami hapa Lanham, huku huku ughaibuni. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, na akicheka chumbani kwake nasimama mlangoni nikidhani ni wewe.

Lipo jambo ambalo sikumwambia mtu mpaka hivi karibuni. Ugonjwa wa viungo ulipokubana, daktari alikuandikia vidonge, ukakataa kuvichukua kwingine ila duka la dawa ninapofanya kazi. Nilivihesabu mwenyewe. Kipimo kilikuwa sahihi kwa uzito wako. Wiki ya tatu ukanipigia simu: mdomo umejaa vidonda, mwili hauna nguvu. Nikakuambia, "Vumilia, dada. Mwili utaizoea dawa." Siku nne baadaye homa ikapanda, hospitali wakasema damu yako imeishiwa chembe nyeupe. Hukurudi nyumbani.

Mwezi uliopita nilipelekwa semina kule Alexandria, ng'ambo ya mto, pamoja na wauguzi na madaktari. Mwalimu alieleza kuwa wapo watu wachache ambao jeni walizozaliwa nazo haziwezi kuivunja dawa ile. Inarundikana mwilini hadi uboho unashindwa kutengeneza damu. Kipo kipimo cha damu cha kufanya kabla ya kuandika dawa, ingawa bado kigeni kwa wengi. Akataja dalili: vidonda mdomoni. Nikaisikia sauti yako ya simu, dada, wazi kabisa. Nikageuka kutazama nyuma.

Daktari mmoja akauliza kama inafaa kuhangaika kwa ajili ya watu wachache hivyo. Nikajikuta nimesimama.

"Mmoja wao alikuwa dada yangu," nikasema. "Na dawa nilimpa mimi."

Baadaye mwalimu alinifuata nje, akaniomba niwe nasimulia habari zako kwenye semina zao. Nikamwomba anipe siku chache.

Nilimpeleka Neema apimwe. Amebeba jeni moja ya namna hiyo, na daktari anaamini imetoka kwako. Nikamweleza yote, nikasubiri anichukie. Alinishika mkono, akatafuta Kiswahili chake: "Mama mdogo, wewe hukujua."

Yeye amesema. Wewe bado hujanijibu, na kila jioni nasikiliza.

Pumzika, dada yangu. Nakuahidi, karatasi ya dawa ile haitapita mikononi mwangu kabla sijamuuliza daktari kama amempima mgonjwa, hata akinikasirikia. Mwalimu nimeshampa jibu. Jumamosi nitasimama mbele ya madaktari, nami nitaanza kwa kulitaja jina lako.

Mdogo wako,
Upendo