Alama za Kavira

Jumatatu, 10 Machi 2025
Makundi yangu ya mwaka wa tatu hapa chuoni yamewasilisha miradi. Kundi la Baker limeshinda — programu ya kupanga zamu za wajawazito kwenye kliniki moja ya Bwera. Wako wanne, lakini rekodi ya kompyuta inaonyesha jina la Baker karibu kila mstari. Mmoja wao, Kavira, binti aliyekimbia kutoka Beni, ng'ambo ya mpaka, pamoja na mama yake, jina lake halimo kabisa. Nilimwuliza mbele ya darasa alifanya nini. Kimya. Nikasema amebebwa mgongoni kama mtoto mchanga. Walicheka. Nami nikacheka. Nikampa sifuri.

Alhamisi, 13 Machi
Kavira hajaonekana tangu siku ile.

Jumamosi, 15 Machi
Nimeenda Bwera kuona programu ikitumika. Hata sijakaa, muuguzi Ednah akauliza yule dada mwembamba yuko wapi. Kumbe alikuja kila Jumamosi! Alikaa benchi moja na wajawazito, akauliza, akaandika, akarekebisha palepale kwa kompyuta aliyoazimwa. Baker? Ednah hamjui.

Kompyuta ni ya Baker, basi rekodi huandika jina la Baker. Kavira hana yake. Nalijua hilo tangu mwaka wa kwanza.

Nilimkuta soko la Mpondwe, anapima maharage na mama yake. Nikaomba radhi. Nikauliza mbona alinyamaza.

“Ningesema, Baker angeninyima mashini. Lakini ile yote, mwalimu, ni mimi njo niliandika.”

Nikamwambia aje ofisini, nitarekebisha alama, tuyamalize kimya kimya. Hakuinua macho kutoka kwenye mizani.

“Hapana. Ulinicheka mbele ya batu. Useme mbele ya batu.” Batu — watu wa darasa zima.

Mama yake, ambaye hakujua mimi ni nani, akanipa kiti chake. Nilikaa. Sijui kwa nini nilikaa.

Jumatatu, 17 Machi
Mkuu wa idara, Bwana Muhindo, kanishauri nibadilishe alama tu, nisijishushe mbele ya wanafunzi. Na mimi — aibu gani hii — nilifurahi. Dakika nzima nilifurahi.

Sasa saa tatu na robo. Darasa limejaa. Baker amenisalimia kwa tabasamu. Kavira kaja, amekaa karibu na mlango, mkoba bado begani. Naandika haya kwenye meza yangu kana kwamba natayarisha somo. Wananingoja. Nimeshasimama mara moja. Nikafuta ubao ambao haukuwa na kitu, nikakaa tena.