Kilichomuua Subira

Igamba, Mbozi
Jumapili, baada ya ibada

Dada Tusekile,

Shikamoo. Huku nyumbani sote wazima. Goti la mama limepata nafuu, na kahawa imechanua vizuri. Farasi wa ufugaji ule alioanzisha babu wamebaki wanne tu, lakini juzi amezaliwa mtoto wa kike, mweusi mwenye paji jeupe.

Baba alipomwona alisema, "Anafanana na Subira." Hapo nikashindwa kuvumilia.

Dada, miaka tisa iliyopita farasi wetu Subira alipokufa na mimba yake, baba alisema uliacha stoo wazi, akaingia akala mahindi mpaka tumbo likamjaa. Uliapa kwamba ulifunga. Hakukusikiliza. Alikufukuza, ukavuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia.

Ni kweli ulifunga. Mimi ndiye niliyempa Subira debe zima la mahindi, nikitaka anenepe kabla ya maonyesho ya mifugo ili baba anisifu. Nilikuwa na miaka ishirini, si mtoto. Nilikutazama ukifunga mizigo, nikanyamaza.

Juzi nilimweleza baba yote. Hakunitukana. Alikaa chini palepale zizini, akaniuliza, "Tusekile anaishi mtaa gani?"

Alhamisi ijayo anakuja kwako. Niliomba nimsindikize, akakataa.

"Niende kwanza mimi niliyemfukuza," alisema. "Wewe mwandikie, kisha usubiri uitwe."

Nasubiri, dada. Usiponiita, sitakulaumu.

Mdogo wako,
Rabson