Kiti cha Mama Neema

Mjukuu wangu Wanjiru,

Huku DeSoto, Texas, sote tu wazima, na babu yako bado anabishana na redio.

Unauliza kama serikali za huko Ulaya zinafanya la maana kuzihimiza kampuni zitende mema kwa hiari. Nilipokuwa nikifanya kazi ghalani kule Plano, bosi alitugawia tisheti mpya zenye jina la kampuni, twende kupaka shule rangi na kupigwa picha ionekane kampuni inasaidia jamii. Mwenzetu Mama Neema, Mkongo mwenye mimba, alikuwa ameomba kiti cha kukalia kazini mwezi mzima bila kupewa. Nikakataa kuvaa tisheti mpaka apewe.

“Dada, utatufukuzisha,” akaninong'oneza.

“Basi tutafukuzwa tumekaa.”

Kiti kikaletwa. Sijui kililetwa na huruma au na hofu ya kuharibu picha, ila miguu ya Mama Neema haikuuliza.

Kwa hiyo serikali zihimize, mpenzi. Wewe uliza kwanza nani bado amesimama.

Nyanya yako mbishi