Pikapu Nyekundu na Mbuzi Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Natangaza kwa heshima na taadhima kwamba leo jioni, mbele ya shahidi mmoja ambaye ni mende, kioo cha mbele cha pikapu nyekundu kimeingia mahali pake bila kupasuka. Hakukuwa na hotuba. Nilijipa chai.

Kioo chenyewe ni kipana kama kucha mbili. Pikapu nzima inakaa kiganjani. Niliitoa soko la Gikomba kwenye robota la midoli ya mtumba, vipande bado vimeshikana kwenye fremu yake ya plastiki kama ilivyotoka kiwandani. Kasoro usukani. Usukani nimeukunja mwenyewe kwa waya wa mwavuli.

Nina miaka hamsini na saba. Karani wa stoo, Industrial Area. Jumapili napanga magari ya waumini uwanjani kanisani, kwa sababu nina sauti na koti la kung'aa. Sijawahi kuwa na gari la kupanda. Ya kutopanda ninayo rafu tatu. Yako hapa Kayole, kwenye chumba nilichokodi mwaka jana. Tunaishi Umoja, na mke wangu, Mama Kyalo, hajui habari ya chumba. Anajua kwamba Jumatatu na Jumatano nabaki kazini kuhesabu stoo. Hakuna stoo duniani inayohesabiwa hivyo.

Jumatano, 5 Machi

Rangi imeisha. Rangi ya kazi hii sijaiona ikiuzwa huku, kwa hivyo natumia rangi ya kucha. Tabaka nyembamba, ikauke, msasa laini wenye maji, tabaka nyingine. Boneti inang'aa mpaka unaona pua yako.

Nanunua kwa Njeri, mwenye saluni chini ya ngazi za ploti yenye chumba changu. Msichana mchapakazi, mdomo haufungwi.

"Mzee, wewe unampenda mama. Kila wiki rangi mpya. Mimi nataka bwana wa hivyo."

"Si uko na wako?"

"Wangu hajui hata rangi ya viatu vyake."

Wazee wa upande wa huyo mchumba, Kamau, wanaleta posa kwao mwisho wa mwezi. Ameniambia mara nyingi mpaka najua atavaa nguo gani.

Mama Kyalo ni fundi cherehani. Hajapaka kucha tangu nimuoe. Ningemwambia Njeri hivyo, angeuliza hii rangi ni ya nini. Nikachukua chenji nikapanda ngazi. Mtu mzima kusema "nachezea gari" ni sentensi nzito. Mke wangu akijua, dada zake watajua. Dada zake wakijua, kanisa litajua. Na mimi ndiye huwaambia watu wenye magari makubwa warudi nyuma kidogo, kidogo tena, hapo.

Jumamosi, 8 Machi

Mama Kyalo amefua shati langu la buluu. Kwenye mkono wa shati, doa jekundu. Amelinusa. Linanuka ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, ninayosafishia brashi. Nilikuwa mlangoni, nikamwona akilinusa mara ya pili. Akalianika.

Chakula cha jioni alinipakulia nyama nyingi kuliko kawaida. Nikaogopa sana.

Jumatatu, 10 Machi

Sikwenda Kayole. Nilikuja nyumbani moja kwa moja kama mtu asiye na hatia. Sikuizoea hiyo njia saa hizo, hata mbwa wa geti alinibwekea.

Mama Kyalo alikuwa anashona sare za shule. Hakuinua macho.

"Baba Kyalo. Kayole unatafuta nini?"

Mama mmoja wa kanisa aliniona nikitoka saluni kwa Njeri na kuingia kwenye ploti, chupa ya rangi ya kucha mkononi. Akaona ni vizuri anitaje kwenye maombi.

Nilikuwa na majibu mengi. Nikasema, "Naona watu."

"Watu ama mtu?"

Mashine ikaendelea. Fundi akikasirika hushona moja kwa moja bila kusimama. Leo ameshona suruali mbili zikashikana. Akazifumua. Hakunitazama.

Ukweli ulikuwa umefika kwenye meno. Nikaumeza. Najichukia kwa hilo kuliko kwa lolote nililoandika humu.

Jumapili, 16 Machi

Kikao.

Baada ya ibada alikuja shemeji Musyoka, kaka mkubwa wa Mama Kyalo, na wazee wawili wa kwao. Nilijua mambo ni mabaya kwa sababu walikaa wote kwenye sofa moja, wakaniachia stuli. Pale getini palifungwa mbuzi. Hukumu ilikuja kwanza, kesi ikafuata.

Musyoka huongea polepole, kama anayelipwa kwa saa. Akasema wao hawakuja kuvunja nyumba. Akasema mwanamume ni mwanamume. Akasema hayo mambo yako tangu zamani, na dawa yake iko tangu zamani, nayo iko hapo nje inakula ua la jirani.

Hapo ndipo nilipoelewa nafuu niliyopewa. Kosa la mwanamke wa nje lina mnyama wake. Unakubali, mbuzi anachinjwa, mnakula pamoja, mke anapewa kitenge, imekwisha. Kosa la mtu mzima kuunganisha gari la plastiki halina mnyama. Wazee wangelibeba mpaka kaburini kwangu, na pale wangelisimulia.

Nikasema, "Nimekosa."

Wazee wakapumua. Mmoja alinipiga begani. Nilihisi raha, naandika hivyo wazi, nilihisi raha kabisa.

Kisha Mama Kyalo, ambaye alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni muda wote, akasema, "Ni yule Njeri wa saluni. Si ndiye?"

Nikatazama viatu vyangu. Kwenye kikao kama hicho, kutazama viatu ni kutia sahihi.

Mbuzi alikuwa mtamu. Nilipewa ini.

Jumatano, 19 Machi

Nimetoka kazini nikaenda Kayole. Nilifikiri nitamalizia bampa, halafu nitafute namna ya kumpa Njeri tahadhari. Mtu huwa na mpango.

Mama Kyalo alikuwa ameshafika. Nilisikia sauti yake kabla ya kufika kwenye kona. Mke wangu hajawahi kupaza sauti barabarani maisha yake yote, na alikuwa anaipaza vibaya, kama anayesoma maandishi ya mtu mwingine. Watu wamejaa mlangoni pa saluni. Mwanamke mmoja akatoka ndani akiwa amesukwa nusu ya kichwa, nusu nyingine nywele zimesimama, akaondoka bila kulipa na bila kugeuka. Kijana wa duka la jirani akasema, "Eish, huyo si dada ya bwanake?" Ndiye. Dada wa mchumba wa Njeri.

Njeri alisimama na kitana mkononi. Alikuwa anasema neno moja tu, "Mama. Mama. Mama."

Na mimi? Nilipita nyuma ya umati. Nikapanda ngazi. Nikafunga mlango. Nikapiga bampa msasa mpaka kukawa kimya chini. Bampa imetoka laini kuliko zote nilizowahi kutengeneza.

Alhamisi, 20 Machi

Saluni haikufunguliwa. Nimepita makusudi.

Sina la kuandika. Mimi ni mtu mwoga.

Jumamosi, 22 Machi

Nimemwambia Mama Kyalo avae viatu. Nadhani alifikiri nampeleka akamwone huyo mtu, na alivaa vile vizuri vya kanisani.

Nikafungua mlango wa chumba. Akaingia mbele yangu. Akatazama nyuma ya mlango, akavuta pazia, akatazama juu ya rafu na chini ya meza. Akasimama katikati.

"Hakuna kitanda," akasema.

"Hakuna."

"Basi mnakaa wapi?"

Nikamwonyesha stuli. Ni moja. Nikamwonyesha pikapu. Nikamwonyesha chupa za rangi, brashi, ile dawa, vipande ambavyo havijakatwa kwenye fremu. Niliongea haraka na vibaya. Nikasema hiki hukatwa hivi, hiki hukwanguliwa, hiki hupakwa kabla ya kugundishwa. Nilisikia sauti yangu ikianza kufurahi, nikaachia hapo.

Alikaa kwenye stuli. Akaishika pikapu jinsi anavyoshika nguo ya mteja, akitafuta mshono.

"Ungekuwa na mwanamke," akasema, "yeye ningejua nimwambie nini."

Kisha akairudisha mezani, akasema, "Na yule msichana nimemwambia yote hayo."

Tukashuka. Leo Njeri alikuwa amefungua, wateja wawili tu, mmoja chini ya draya ya kukaushia nywele. Alipotuona akaweka kitana chini. Mama Kyalo alimwomba msamaha kwanza, akiwa amesimama wima, bila kujitetea hata kidogo. Sikuwahi kumheshimu hivyo. Kisha akanigeukia. Ikawa zamu yangu.

"Nilikuwa nanunua rangi ya kupaka magari ya kuchezea," nikasema.

"Ati?" akasema mwanamke wa chini ya draya.

Draya ina kelele. Nikarudia. Akasogeza draya akauliza tena, na nadhani mara hiyo alikuwa amesikia.

Njeri hakucheka. Alipiga simu, akaweka spika, akanisogezea. "Huyu ni dada ya Kamau. Mwambie."

Nikamwambia dada ya Kamau. Yote, chumba, rangi, mbuzi, viatu. Akauliza, "Wewe ni mzee wa miaka mingapi?" Nikataja. Akakata simu.

"Mzee, ungesema tu," Njeri akaniambia. "Siku ile ya kwanza. Mimi ningekucheka kidogo halafu ningekuuzia."

Hakuna aliyewahi kuniambia neno jema likaniuma hivyo.

Jumapili, 23 Machi

Nimempigia Musyoka nikamweleza. Akasema mbuzi ameshaliwa, kwa hivyo kikao hakiwezi kurudi nyuma. Kwa upande wao, mimi bado nilikuwa na mwanamke Kayole, na nimesamehewa. Nikamwambia jina la msichana liondolewe. Akasema hilo atalisema kwa wazee yeye mwenyewe, hata leo. Kisha akauliza kama milango ya hiyo pikapu hufunguka.

Haifunguki. Sikumwambia nimejaribu.

Kanisani nimepanga magari. Mtu mmoja aliteremsha kioo akauliza, "Hili nalo utalipaka rangi gani?" Wameshajua. Nikamwambia arudi nyuma kidogo.

Jumapili, 30 Machi

Nimerudisha ufunguo wa chumba. Magari yamekuja Umoja kwenye maboksi, yako chini ya kitanda.

Jana posa ya Njeri ilipelekwa. Mlango wa saluni ulikuwa umebandikwa karatasi: TUMEFUNGA, TUKO KWA SHEREHE. Kijana wa duka la jirani anasema dada ya Kamau alikwenda, amesukwa kichwa kizima. Nilisimama pale nikaisoma hiyo karatasi kama barua yangu. Njeri bado haniuzii rangi. Ana haki.

Leo asubuhi, kabla ya kanisa, Mama Kyalo alivuta boksi moja, akaitoa pikapu nyekundu, akaifuta kwa kipande cha kitenge. Akaiweka juu ya meza ya televisheni, kwenye kile kitambaa chake cha kufuma. Akainyoosha ielekee mlangoni. Mimi nilijifanya natafuta soksi.

Mchana wamekuja kina mama wa kanisa, chai na maombi. Mmoja wao, yule yule aliyenitaja, akainyanyua. Akaigeuza akatazama chini, magurudumu yakazunguka.

"Na hii?"

Mama Kyalo alikuwa anamimina chai. Hakugeuka.

"Ni ya Kyalo," akasema.

Kyalo ana miaka thelathini na moja. Anaendesha trela la kwenda Malaba.