Kisu cha Tupa

Magda, leo nimejiaibisha mbele ya akina mama wa kanisa!

Unakijua kile kisu baba mkwe alichokifua mwaka wa hamsini na mbili kutokana na tupa kuukuu ya kunolea mapanga. Nilikuwa nakitumia kuwakatia nyama.

Na unajua sheria ya nyumba hii: kisu hakipewi mtu mkononi, kinaleta ugomvi. Unakiweka mezani, mwenzako anajichukulia.

Basi nikakiweka. Nikasema, "Okeyo, chukua, malizia hizo mbavu."

Magda, nilimwita Okeyo! Mume wangu tuliyemzika Agosti! Kwa sauti!

Bathsheba, mmoja wa wale akina mama, akanyoosha mkono akichukue. Nikamfokea, "Kiache! Si wewe niliyekuwekea!"

Wameenda wote. Kisu bado kiko mezani, mpini umeelekea kiti cha Okeyo.