Mkeka wa Bi Moza

Jumatatu, 2 Septemba 2024
Shamimu kaja chuoni na mkeka wa bibi yake, Bi Moza wa Songo Mnara. Mwaka mzima nalisumbua darasa langu la usanifu: acheni kunakili maua ya mtandaoni, tuchore ya kwetu. Leo ya kwetu haya hapa! Nakshi nyeusi na nyekundu. Anayejua kuisuka kabaki bibi huyo tu, na tangu apooze mkono hasuki tena. Katuazima wiki moja. Kasema tuuangalie, tukimaliza tumrudishie.

Jumatano, 4 Septemba
Kwa macho nakshi haisomeki. Miyaa ya kusukia inazama hapa, inaibukia kule. Nimeamua tufumue ukingoni, shubiri moja tu, tuhesabu, kisha tusuke tena. Shamimu kasita. Nikamwambia mwalimu ni mimi.

Alhamisi, 5 Septemba
Miyaa imekauka — inakatika! Shubiri imekuwa dhiraa. Lakini mchoro tumeupata. Mkuu wa chuo kafurahi mno, anataka uchapwe kwenye foronya kabla wageni wanaokuja kukagua mtaala hawajafika. Na mimi nikacheka kama mjinga.

Jumanne, 10 Septemba
Wageni wamezipiga picha foronya. Wanasema urithi umehifadhiwa. Nyuma ya darasa Shamimu anasuka kwa kufuata mchoro wangu, mara ya sita. Haukai. Tulichora upande wa juu tu. Mwaa unakopita chini hatukuandika, na sasa tulichokifumua kimebaki makapi mfukoni.

Jumatano, 11 Septemba
Shamimu kalia. Mkeka ule Bi Moza alijisukia mwenyewe, wa kulazwa siku ya kuzikwa. Nikamuuliza, mbona hukuniambia? Akajibu, "Nilidhani unajua, mwalimu. Kwetu mabibi wote wanao."
Mimi mtu wa Nyangamara, huko bara, najua mikorosho tu. Ningeuliza! Neno moja tu!

Jumamosi, 14 Septemba
Bi Moza kaletwa hospitali hapa Masoko, hali si nzuri. Kautaka mkeka wake. Nimeukunja, palipofumuliwa pakawa ndani.
Nilipomwamkia shikamoo aliitika, "Marahaba, mwanangu Bertha." Jina langu analijua! Akaupapasa mkeka kwa mkono ule mzima. Akauliza kama watoto wamejifunza. Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe. Akasema, "Basi saa kumi njoo unikunjulie, niuone."
Nesi akatutoa na mkeka wetu, muda wa kuona wagonjwa umekwisha.
Tuko kwenye benchi la nje. Shamimu anasema tumwambie ni panya walioutafuna. Eti atakufa na roho nyeupe. Namwonea huruma mtoto huyu, mimi ndiye niliyemfikisha hapa. Nataka kusema kweli, na naogopa, naogopa sana.
Saa kumi kasoro. Shamimu kanyoosha mikono, anataka aubebe yeye. Sijampa, nitaukunjua mimi. Nesi anafungua mlango —